Jeni sio Jini: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Saratani ya Ini

Mwangaluka wote. Mimi kazi yangu ni maabara, niko hapa Tabora mjini mwaka wa kumi na moja sasa, na tangu baba yangu mdogo afariki kwa saratani ya ini watu wamenigeuza mtu wa kuulizwa, nikienda msibani naulizwa, nikipanda bajaji kwenda Ng'ambo naulizwa, juzi nimeulizwa sokoni muuza mchele kashika kopo hewani hajamimina. Maswali yenyewe ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja. Mm sio daktari, wa kutibu wapo, mm naeleza tu kinachotokea ndani ya seli mpaka ini likageuka hivyo.

Hivi jeni na jini ni kitu kimoja?

Hapana. Na usicheke, kuna mama mmoja mtu mzima alisikia wodini wakiongea "jeni zimewaka" akaelewa majini yamepanda, akatoka kwenda kutafuta ubani. Sikumcheka maana hata nyumbani kwetu tulianzia huko huko, mtaona mbele. Jini waachieni wenye kazi yao. Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini, mara nyingi protini, na binadamu tuna jeni za protini kama 20,000 hivi. Karibu kila seli uliyonayo inazo zote, ya ini inazo, ya jicho inazo, ya kisigino inazo.

Kama kila seli inazo zote, mbona ini haliwi jicho?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na ukilielewa hili mengine yanakuja yenyewe. Chukulia steshenari. Kuna faili kubwa limefungiwa kabatini, halitoki nje hata kidogo, hiyo ndo DNA. Mtu akitaka ukurasa anapigiwa fotokopi, ile kopi ndo inatoka kwenda kwa fundi, fundi anasoma anatengeneza kitu. Kopi ndo RNA, kitu kilichotengenezwa ndo protini. Sasa seli ya ini inapiga kopi nyingi sana za ukurasa wa albumini (protini ya damu inayozuia maji yasivuje kwenye mishipa), na za vimeng'enya vya kusafisha sumu, na za vitu vya kugandisha damu, ila ukurasa wa vitu vya jicho haiugusi kabisa, upo tu kabatini. Seli ya jicho nayo vivyo hivyo kwa upande wake.

Kwa hiyo faili ni moja, tofauti ni kurasa zipi zinapigwa kopi, na ngapi, na lini. Wataalamu wanaita udhihirikaji wa jeni, mm nasema jeni kuwaka na kuzima, inatosha.

Sasa saratani inaingiaje hapo?

Watu wengi wanafikiri saratani ni mdudu kaingia kutoka nje. Kirusi kinaweza kuingia ndiyo, sumu inaweza kuingia, lakini uvimbe wenyewe ni seli zako za ini, zilezile, zina faili lilelile kasoro kurasa chache zimechanwa au zimeandikwa vibaya. Kilichobadilika sana ni mpangilio wa kopi. Kurasa za kujizuia zimezimwa, kurasa za kukua zimewashwa, na cha ajabu zaidi, kurasa za utotoni ambazo zilifungwa tangu hujatoka tumboni kwa mama zinafunguliwa upya.

Namna ya kuvuruga mpangilio zipo nyingi. Herufi inaweza kubadilika kwenye ukurasa wenyewe. Au herufi inabadilika pale kwenye swichi ya ukurasa, sio ndani ya maelekezo, yani maandishi yako sawa kabisa ila swichi imenasa. Au ukurasa hauna kosa lolote ila umebandikwa kitu juu kama stika, mashine ikija haioni pa kusoma, hiyo inaitwa methilesheni, na kwenye saratani ya ini jeni ya p16 ambayo kazi yake ni kuzuia seli isigawanyike hovyo inanyamazishwa mara nyingi kwa staili hiyo. Halafu kuna vijipande vidogo vya RNA ambavyo kazi yake ni kuchana kopi kabla hazijamfikia fundi. Kwenye ini kuna kimoja kinaitwa miR-122, ini la mtu mzima limejaa hicho tu, kati ya vijipande vya namna hiyo kwenye ini karibu 70 kwa 100 ni chenyewe. Kwenye saratani nyingi za ini kinashuka, na uvimbe ambao kimeshuka sana ndo unaokuwa mkorofi, unasambaa.

Kipimo cha AFP ni nini, mbona wanasema ni cha mimba?

Hawajakosea, wa saratani wala wa mimba. AFP ni protini inayotengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni, kwa wingi kweli kweli. Mtoto akishazaliwa jeni yake inazimwa pole pole, kazi inachukuliwa na albumini, na mtu mzima mwenye afya ukimpima unakuta haifiki hata nanogramu 10 kwa mililita. Mwaka 1963 Mrusi mmoja, Garri Abelev, aliiona kwenye panya wenye saratani ya ini, mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaiona kwa binadamu. Yani ukurasa wa utotoni umefunguliwa kwa mtu mzima, na sisi maabara tunauona kwenye damu, ndo mfano mzuri kuliko yote wa jeni kuwaka pasipotakiwa.

Ila msishike hiyo karatasi kama hukumu. Ikivuka 400 na kuna uvimbe kwenye ultrasaundi hapo mambo ni mazito. Lakini inapanda kwa mjamzito, inapanda kidogo homa ya ini ikichachamaa, na kibaya zaidi wagonjwa wengi tu wenye saratani kabisa AFP yao iko chini, kama theluthi hivi. Nimeshaona mtu anashangilia AFP ya 6 na ultrasaundi hajapiga. Viende vyote viwili jamani.

Baba yako mdogo ilikuwaje?

Naulizwa sana nikaona niandike mara moja niishie hapo. Alikuwa mkulima wa tumbaku huko Urambo, miaka 46, mtu wa kazi, hana kitambi, pombe anakunywa ya msimu. Akaanza kuzimia alfajiri. Anaamka kwenda shamba, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, anadondoka, wakimnywesha uji wenye sukari baada ya muda anakaa anauliza kumetokea nini. Sasa wewe niambie kijijini hapo watasema nini? Jini. Na mimi mwenyewe mtu wa maabara nilipigiwa simu nikasema labda malaria, tusidanganyane. Waganga wawili walikula mbuzi. Kituo kimoja cha afya kikamtibu vidonda vya tumbo miezi minne kwa sababu alisema anaumwa hapa juu chini ya mbavu upande wa kulia.

Siku moja kazimia mchana akapelekwa, nesi mmoja kijana tu akamchoma kidole, sukari 2.1, iko chini mno. Mtu hana kisukari, hatumii dawa yoyote ya kisukari, sukari 2.1! Ndo wakaanza kumshika tumbo vizuri, ini limeshuka gumu kama jiwe la kusagia. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa sentimita 13. Alikaa wiki saba.

Kuna saratani za ini zinawasha kwa fujo jeni ya IGF-2, homoni ambayo inakuza mtoto tumboni, na zinatumia ile swichi ya utotoni. Hiyo homoni inafanya kazi kama insulini, inanyonya sukari kwenye damu, na ini lenyewe ambalo lingetoa akiba usiku limeshaliwa, kwa hiyo asubuhi kabla ya chai mtu anazima. Hakuna aliyempima IGF-2 baba mdogo na mm siwezi kuapa kwamba ndo hiyo, uvimbe mkubwa unakula sukari wenyewe pia. Lakini kila nikisikia "anazimia alfajiri, akinywa uji anapona" mm nauliza ini.

Kwa nini ule uvimbe unakua tu, hauchoki?

Seli ya kawaida inachoka. Kila kromosomu, yani furushi la DNA, ina ncha, kama kamba ya mkonge ilivyofungwa uzi mwishoni isichambuke, na kila seli ikigawanyika ule uzi unapungua, ukiisha seli inasimama. Kuna jeni inaitwa TERT inayotengeneza kimeng'enya cha kurudishia uzi. Kwenye seli ya ini ya mtu mzima imezimwa. Kwenye saratani ya ini, karibu 60 kwa 100 zina kosa la herufi moja tu pale kwenye swichi ya TERT. Herufi moja kati ya bilioni tatu! Ile herufi mpya inatengeneza mahali pa kushika, protini fulani za kuwasha jeni zinakuja zinajibandika hapo, TERT inawaka haizimi tena, seli haizeeki.

Halafu breki. Breki kubwa ni TP53, yenyewe ni msimamizi, DNA ikiumia inawasha jeni nyingine za kusimamisha kazi mpaka ukarabati uishe, ikishindikana inaamuru seli ife. Kama theluthi ya saratani za ini zimeiharibu. Na karibu idadi hiyo hiyo zina kosa kwenye beta-katenini, ambayo kawaida inatengenezwa na kubomolewa haraka, sasa ikikataa kubomolewa inalundikana, inaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kukua muda wote, na uvimbe wa namna hiyo mara nyingi unakuta askari wa kinga ya mwili hawajasogea kabisa, wako nje wanashangaa. Mwaka 2017 kundi la wanasayansi wa Marekani la mradi wa TCGA walitoa ramani ya jeni za saratani za ini 363 na majina haya haya ndo yalijirudia mbele, TERT, TP53, beta-katenini.

Homa ya ini B inachangia vipi? Si ni kirusi tu?

Kirusi tu ndiyo, kina herufi kama 3,200 na jeni nne, wewe una bilioni tatu, lakini angalia kinachofanya. Kinaingia kwenye kiini cha seli ya ini na kukaa humo kama kibanda kando ya ofisi, kinatumia mashine yako kupiga kopi zake. Kina protini inaitwa HBx, kazi yake ni kuwaondoa walinzi wanaonyamazisha kibanda, na kwenye kuwaondoa walinzi inavuruga kopi za kurasa zako pia.

Pili, vipande vyake vinajichomeka ndani ya DNA yako popote vinapopata upenyo. Mara nyingi vinachomeka pasipo na madhara. Lakini seli ni mamilioni na miaka ni mingi, kuna siku kipande kinajichomeka jirani na TERT, na kile kipande kina swichi yake kali, basi kinawasha na jirani. Mnaona? Ni TERT ileile, njia nyingine tu.

Tatu, kinga ya mwili inapigana na kirusi miaka ishirini, thelathini, seli zinakufa zinazaliwa, zinakufa zinazaliwa, kila kuzaliwa ni nafasi ya kosa. Wengine ini linajaa makovu kwanza. Ila wa kirusi B anaweza kupata saratani hata bila makovu, na huku kwetu Afrika wagonjwa wanapatikana vijana, ukitoa Misri umri wa katikati ni kama miaka 45, kwa sababu wengi walipata kirusi utotoni.

Aliyekigundua ni Baruch Blumberg miaka ya 1960, akapewa Nobel 1976.

Karanga nazo jamani? Mnataka tule nini?

Sio karanga, ni kuvu. Najua hapa nagusa mboga ya kila nyumba ya Mnyamwezi, majani ya maboga bila karanga ni nini sasa. Kuna kuvu anaitwa Aspergillus flavus, anapenda karanga na mahindi vilivyovunwa na unyevu au vilivyokaushwa chini kwenye udongo au vilivyowekwa kwenye gunia la nailoni vikatoa jasho, na huyo kuvu anatengeneza sumukuvu. Iliyo mbaya kuliko zote ni aflatoksini B1.

Sasa sikilizeni uchungu wake. Ile sumu ikiingia haina makali sana. Ini linaipokea, linasema hii sumu ngoja niisafishe, vimeng'enya vyake vinaigeuza, na katika kuigeuza ndo inakuwa kitu kinachonasa kwenye DNA, kinang'ang'ania herufi G (DNA imeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T). Kazi nzuri ya ini ndo inayoliua. Na kina mahali kinapopapenda, herufi ya mwisho ya neno la 249 kwenye TP53, G inakuwa T. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likiwa na wagonjwa wa kusini mwa Afrika na jingine wa Qidong huko China, walikuta kosa hilo hilo mahali hapo hapo, ni kama sumu imeacha alama ya kidole. Breki imekatwa, jeni zote zilizokuwa zikisubiri amri ya TP53 haziamriwi tena.

Kuhusu kuchagua: mama mkwe wangu ana ungo, anakaa nje asubuhi mwanga ukiwa mzuri, anamwaga kiasi kidogo sio mlima, anasambaza kwa kiganja. Anatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye unga wa kijani au njano, zilizotobolewa na wadudu, na ile ambayo ukiitafuna ni chungu anaitema, hamezi. Kwenye kilo mbili anatoa kama konzi moja. Konzi hiyo moja ndo imebeba sehemu kubwa ya sumu, kwa sababu kuvu haingii kila punje, inaingia chache lakini kwa nguvu. Kuchagua kunasaidia kuliko mnavyofikiri. Kuchemsha hakusaidii, kukaanga kunapunguza kiasi ila hakuimalizi, sumu inavumilia moto wa jikoni.

Ninachogombana nacho ni karanga za kusagwa. Sokoni zile nzuri zinauzwa nzima, zile mbovu zinaenda wapi? Zinaenda mashineni. Ukinunua unga wa karanga huwezi kuchagua chochote, umeshachaguliwa. Nunua nzima, chagua, twanga mwenyewe, najua ni kazi.

Na msiseme ni maneno ya wazungu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na kama 20 walifariki, hiyo ilikuwa sumu nyingi kwa mara moja. Sisi tunaongelea kidogo kidogo kwa miaka. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na B1 peke yake isizidi 5.

Mtu akiwa na kirusi B na anakula sumukuvu?

Hapo hesabu inaacha kujumlisha inaanza kuzidisha. Kuna utafiti mkubwa wa Shanghai, wanaume wa huko, wenye alama za sumukuvu kwenye mkojo peke yake hatari yao ilikuwa kama mara 3, wenye kirusi peke yake mara 7, wenye vyote mara 59. Mm hiyo namba ya 59 nikiisoma mara ya kwanza nilifikiri ni kosa la uchapaji. Ukiifikiria kwa jeni unaona inakuja: mmoja anakata breki, mwingine anakanyaga mafuta na kulazimisha seli zigawanyike usiku na mchana.

Inasambaaje? Mbona ghafla wanasema imefika kwenye mapafu?

Sio ghafla, ni sisi tuliochelewa kuona. Na hapa tena ni jeni kubadilisha tabia.

Seli za ini zimeshikana, kuna protini kama gundi inaitwa E-kadherini. Ili seli iondoke inabidi gundi izimwe. Kuna jeni ambazo kazi yake ni kuamuru jeni nyingine, zinaitwa Snail, Twist, ZEB1, zilitumika ulipokuwa kijusi wakati seli zinahama kwenda kujenga viungo, halafu zikafungwa. Saratani inazifungua. Zikiwaka zinazima gundi, zinawasha vimentini ambayo inaipa seli umbo refu la kutambaa, na seli zinatoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta ulio mbele yake. Ile seli iliyokuwa imetulia kama tofali ukutani inakuwa msafiri.

Halafu uvimbe ukikua katikati hewa haifiki. Seli zikikosa oksijeni, protini inaitwa HIF-1 ambayo kawaida inabomolewa dakika hiyo hiyo inaachwa hai, inawasha VEGF, VEGF inaita mishipa mipya ya damu. Mishipa ya haraka haraka, imepinda, inavuja, mlango wazi wa kutokea. Kwanza inasambaa ndani ya ini lenyewe kupitia vena porta, mshipa mkubwa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini, ndo maana unakuta uvimbe mmoja mkubwa na vitoto vyake pembeni. Baadaye mapafu, matezi, mifupa, tezi za juu ya figo. Mapafu ndo yanaongoza nje ya ini.

Kuna kitu kinaitwa TGF-beta kinanichanganya hata mm kidogo kukieleza, mwanzoni ni breki, kinazuia seli zisikue, baadaye seli ikishabadilika amri ileile inaisukuma isafiri. Sauti moja, msikilizaji kabadilika.

Kwa nini walipiga picha ya CT ya dawa tu bila kuchukua kinyama cha kupima?

Kwa sababu ya hiyo hiyo mishipa. Ini zima linapata damu nyingi, kama robo tatu, kutoka vena porta, uvimbe wa saratani unajijengea mishipa kutoka kwenye ateri, ile inayoleta damu kutoka moyoni. Dawa ya kung'arisha picha ikichomwa kwenye mkono inafika kwa ateri kwanza, uvimbe unang'aa kabla ya ini, halafu sekunde chache mbele ini linang'aa na uvimbe unafifia. Kwa mtu mwenye makovu ya ini picha hiyo inatosha, hakuna haja ya kutoboa. Mashine yenyewe huku kwetu ni safari, mara nyingi mtu anafunga mzigo kwenda Mwanza au Dar.

Ni ya kurithi? Kwetu wamekufa watatu.

Mara nyingi sana sio. Makosa mengi ya jeni niliyoyasema yanatokea ndani ya ini la mtu huyo huyo akiwa hai, hayapo kwenye mbegu wala yai, hampi mwanae. Sasa kwa nini familia moja watatu? Mama anaweza kumpa mtoto kirusi B wakati wa kuzaa, watoto wanapeana wadogo wakiwa wanacheza na kujikwaruza, na wote wamekula kwenye kihenge kimoja miaka yote. Mnarithishana kirusi na ghala. Pimeni wote waliobaki kirusi B, ni tone la damu, dakika kama ishirini majibu.

Inaambukiza nikimuuguza?

Saratani haiambukizi. Kirusi B kinaambukiza kwa damu na kujamiiana, sio kwa sahani. Mlisheni mgonjwa wenu, msimtenge.

Na kichocho? Tumbo linajaa vile vile.

Kichocho cha tumbo, kile cha ndugu zetu wa ziwani Kigoma na Mwanza, kinafanya makovu kuzunguka mishipa ya ini, bandama inavimba, mtu anatapika damu, tumbo linajaa maji. Kinafanana kwa nje. Lakini chenyewe kama chenyewe sio njia kuu ya saratani ya ini, na kina dawa.

Maji ya tumboni kwa mgonjwa wa saratani yanatoka sehemu mbili, shinikizo kwenye vena porta, na albumini kushuka. Kumbukeni nilisema seli ya ini inapiga kopi nyingi za albumini? Ini likichakaa kopi zinapungua, na seli ya saratani iliyobadilika sana imesahau kazi hiyo kabisa.

Kuna dawa ya kuzima hizo jeni?

Za kuzima jeni yenyewe kwenye saratani ya ini, za kutumika hospitali kila siku, bado. Kinachozuiwa ni kile jeni ilichotengeneza. Sorafenib iliruhusiwa kwa saratani ya ini mwaka 2007, inaziba ishara za VEGF na nyinginezo, kwenye majaribio nusu ya waliotumia waliishi kuvuka miezi 10.7 dhidi ya 7.9 kwa wasiotumia, yani karibu miezi mitatu, sitaki kuwapamba. Mwaka 2020 zikaja mbili za kuchomwa pamoja, atezolizumab ya kuamsha kinga na bevacizumab ya kukamata VEGF, matokeo ni mazuri zaidi, bei usiulize.

Kuzima jeni kwenye ini kunawezekana lakini, msifikiri ni hadithi. Kuna dawa ya kolesteroli inaitwa inclisiran, inaingia kwenye seli za ini inachana kopi za jeni moja tu, sindano mara mbili kwa mwaka ukishamaliza za mwanzo. Kwa saratani ni kazi zaidi kwa sababu sio ukurasa mmoja, ni mamia, na kila seli ya uvimbe ina fujo yake. Uvimbe ukiwa mdogo kukata ndo dawa, ndo maana wenye kirusi B wanaofuatiliwa wanaambiwa ultrasaundi kila miezi sita.

Anayekuuzia chupa ya majani stendi akisema "inazima jeni" muulize jeni ipi. Mm nilimuuliza mmoja akaniambia zote. Zikizimwa zote mteja wako kafa, kaka.

Chanjo nilipata au sikupata?

Tanzania chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, siku hizi ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ukizaliwa kabla ya hapo usijidanganye, hukuchanjwa utotoni, kapime, ukiwa huna ndo uchanjwe. Ukiwa nacho kuna tenofovir, kidonge kile kile watu wanakijua kwenye dawa za VVU, hakikufukuzi kirusi chote, kinakinyamazisha kisijizalishe na hatari ya saratani inashuka. Sio kila mwenye kirusi anaanzishiwa, daktari ataangalia. Taiwan walianza mwaka 1984 na watoto wachanga wa mama wenye kirusi, 1986 wakachanja wachanga wote, na ilipofika 1997 walishaonyesha saratani ya ini kwa watoto imeshuka.

Zile karanga mbovu nilizotoa kwenye ungo niwape kuku?

Usiwape. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, wakatafuta ugonjwa hawauoni, wakaja kukuta ni chakula chenye mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu, ndo sumukuvu ikajulikana hapo. Ng'ombe naye akila inatokea kwenye maziwa. Mama mkwe anachimba shimo nyuma ya mwembe, mbali na banda, anafukia na kukanyagia kwa mguu, maana mara ya kwanza alifukia juu juu na kuku wakazichakura zote.